Sahani ya Jeannette

Rubaya, 26 Novemba 2023

Kwa mudogo wangu Emérita, nyumbani kwa Omer, Pinga.

Amani ya Bwana ikae nawe, na Omer, na wote wanaolala chini ya mabati yenu. Sisi huku tungali watu, kwa neema tu. Maharagi ya upande wa chini yalitoka vizuri. Ya juu yamekanyagwa na wale wenye kupita na bunduki. Wanapita wakienda, wanapita wakirudi, na kila mara njia yao ni katikati ya shamba langu kama vile ni barabara ya serikali. Léopold anakusalimia. Kikohozi chake kinatuamsha mbele ya jogoo.

Unaona naandika, maana rezo ilikatika na munara wa simu umesimama juu ya kilima kama muti mukavu. Mukono wangu umesahau kalamu, utanisamehe.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Bienvenu, yule motari mwenye kuwaletea chumvi kwa pikipiki, alishuka hapa wiki jana. Nikamuuliza: "Mama Emérita ulimwacha aje?"

"Alinipa soda, Mama."

"Iko muzima?"

Akaanza kugeuza kofia yake mukononi. "Mama, mimi sikumujua. Nilimusalimia nikizani ni mudogo wake. Ile Mama Fuso wetu wa zamani haiko tena."

Nikacheka mbele yake, maana jina hilo walikupa kwa upendo. Alipoondoka sikucheka tena. Mérita, mwili wako ulikuwa ushuhuda wetu. Watu wa shirika la kanisa walikuwa wakikuona ukishuka kwenye kamyo ya Omer wanasema: huyu alitoka musituni mifupa mitupu, angalieni Mungu. Sasa nani amekutoa nyama?

Siku ya wafu nilipakua sahani ya Jeannette. Unajua, tangu tuliporudi kutoka musitu wa Walikale, siku za vita, bila yeye, mama yetu hakuacha kupakua sahani tatu za mabinti, na ile ya tatu alikusukumia wewe kwa sababu ulikuwa mukavu kuliko sisi wote: "Kula ya mudogo wako, chakula hakitupwi." Mama alikufa, mimi naendelea kupakua, lakini mwenye kuila uko mbali. Inapoa. Asubuhi nawapa kuku.

Nijibu upesi. Niambie ugonjwa kwa jina lake, nijue namna ya kuomba.

Yaya wako,
Byukusenge


Pinga, 14 Desemba 2023

Yaya mupendwa,

Tumusifu Yesu Kristu. Nimefurahi kuona herufi zako, zingali zinalala upande mumoja kama migomba baada ya upepo. Omer anakusalimu, anauliza kama shemeji Léopold bado anamudai ule muchezo wa karata. Duka linatembea kidogo. Sabuni na betri vinatoka. Vitenge, hakuna muntu wa kununua kitenge akiwa amelala na viatu.

Bienvenu ana mudomo kama filimbi. Ni kweli nimepungua. Muntu akifunga na kuomba anapungua, wewe mwenyewe ulinifundisha kufunga. Vijana wa parking wamebadilisha jina, sasa naitwa Mama Kinga, maana nimekuwa mwembamba kama hiyo baiskeli. Nawaambia baiskeli inapita pale Fuso inakwama.

Kila siku ya posho, Jumamosi, Guylain, muganga wa kituo cha afya, ananitoa damu kidogo mukononi. Ni mambo ya ile sukari yangu. Anasema inaenda vizuri. Usihangaike.

Ila kuna kitu nitakuambia wewe peke yako, hata Omer sikumwambia. Nikikaa kula, Jeannette anakuja. Miaka yote hakuja hata mara moja, wala kwenye ndoto. Sasa anakaa upande wa pili wa meza, na ule mwili wa mwisho, magoti makubwa kuliko mapaja. Haniangalii mimi, anaangalia sahani. Nakula vijiko vitatu, nashiba, natoa mukono. Yeye haondoki.

Huko kwako anakuja?

Noeli njema, Yaya. Nimekutumia kipande cha sabuni na chumvi.

Emérita


Rubaya, 7 Januari 2024

Mérita wangu,

Heri ya mwaka mupya, ingawa mupya wenyewe umeanza na mizinga upande wa Karuba na watoto wanaona ni ngurumo. Sabuni nilipata. Chumvi Bienvenu anasema ilimwagika. Nitamuamini kwa sababu ni Epifania.

Vijiko vitatu? Wewe? Wewe mwenye kumaliza bugali ya watu wawili ukauliza kama sufuria iko na ukoko?

Nilisoma barua yako, nikaifunga, nikaisoma tena mbele ya Bikira. Uliandika mingi juu ya baiskeli na kidogo juu ya tumbo. Kufunga hakumalizi muntu namna hii. Mimi nafunga kila Kwaresima na kiuno changu hakijawahi kunihama. Muntu anayekula vijiko vitatu, anayekauka ghafula, anayeona wafu mezani, hapa kwetu kila muntu anajua jina lake. Ni sumu, Mérita. Umeolewa na mwenye duka na kamyo. Watu wanaona mabati yenu. Mumoja amekuwekea kitu kwenye chai, na wewe kwa upole wako unamuficha.

Nilipanda kwa mzee Nzabandora, yule mwenye kutapisha sumu. Kabla haujacheka, kumbuka alimutoa Léopold kitu kama utosi wa chura, wote tuliona. Alinisagia mizizi. Naituma kwa mukono wa Bienvenu, imefungwa kwenye jani la mugomba na nailoni juu. Kunywa asubuhi mbele ya kula, na maji ya moto. Utatapika kwa nguvu. Usiogope ikiwa kama tumbo linataka kutoka lenyewe, hapo njo dawa inafanya kazi. Mimi asubuhi hiyo nitakuwa kwenye magoti.

Juu ya Jeannette: wafu wa Kristu hawatembei, padri alisema. Mimi hajanijia. Naogopa kukuambia kama nilitamani anijie.

Kunywa, dada. Kwa ajili ya mama.

Byukusenge


Pinga, 30 Januari 2024

Yaya,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Omer iko muzima. Mbuzi yetu ilizaa mapacha, moja jeupe kabisa. Hapa tunasikia risasi mbali, na kila mama amefunga kifurushi chake karibu na mulango.

Dawa nilikunywa. Niandike hilo kwanza, maana niliahirisha mengine kwa muda mrefu.

Sasa sikiliza, na usimusomee Léopold. Mwaka jana, mwezi wa tano, watu wa Pinga tulikimbia. Wewe ulisikia tu kama tulikimbia na tukarudi. Sikukuambia namna. Mimi sikuweza kukimbia, Yaya. Nilikuwa muzito, magoti yalikataa hata mbele ya kufika soko. Omer aliomba vijana wanne wanibebe kwenye kipoyi, ile machela ya miti. Walinibeba mpaka pale chini ya shule, risasi zikakaribia, mumoja akasema, "Mama, utusamehe," wakanitua kwenye maharagi ya watu kama gunia, wakaenda. Siwalaumu. Omer alikaa na mimi, analia na kunikasirikia. Tulilala pale tumejifunika majani mpaka kukatulia. Njo siku ile Jeannette alinijia mara ya kwanza. Alilala upande wangu mwingine. Ninajua nilikuandikia kama anakuja mezani tu.

Tuliporudi Omer alisema, "Kuliko ninunue kamyo ingine, afazali ninunue mwanamke mwepesi." Alicheka, lakini alikuwa ameamua. Tulienda Kampala. Wewe nilikuambia tunaenda kufuata vitenge. Kule kuna waganga wanaokata tumbo la chakula, wanatoa upande mukubwa, linabaki la ukubwa wa ndizi moja, wanalishona na vyuma vidogo. Muntu anakula kidogo, anashuka kilo. Yaya, nilikuwa nalipa watu wanifanye nikose kula. Mimi, binti ya mama yetu. Ningekuambiaje? Wewe mwenye kupakua sahani tatu?

Yule daktari aliniambia hatari ni mushono. Unaweza kuachia hata baada ya miezi, tundu kama la sindano, chakula kinavujia ndani, na tumbo halisemi mbele ya kuharibika. Lakini damu inajua. Iko kitu ndani ya damu wanaita CRP, ini linakitoa upesi kukiwa na moto mwilini, kinapanda mbele muntu hajasikia maumivu. Guylain alinielezea vizuri zaidi: "Ni mbwa wa nyumba, Mama. Anabweka mwizi angali kwenye uzio." Njo sababu ya ile damu ya kila siku ya posho. Haikuwa sukari. Anaiacha itulie, anachukua maji ya juu, anachanganya na dawa nyeupe kama maziwa kwenye kigae cheusi, anakitikisa. Ikibaki maziwa, mbwa amelala. Ikishikana chembechembe, anabweka. Kufika Noeli yangu ilikuwa maziwa tupu, Guylain akanipigia makofi.

Kisha dawa yako ilifika. Nilijua hainifai. Nilikaa nayo siku mingi. Kuikataa ilikuwa ni kukuandikia haya yote. Na ulisema kwa ajili ya mama. Nikakunywa. Nilitapika mpaka nikaona nyota, na kitu kikanikata chini ya mbavu, upande wa kushoto. Kesho yake kikatulia. Siku mbili baadaye homa ikapanda.

Guylain alipima: malaria, kweli iko. Akatikisa kigae: chembechembe. Nikamwambia, "Basi ni mushono." Akasema, "Ngoja, Mama. Shida ya huku mbwa wote wanabweka. Malaria akipita wanabweka, tifoide akipita wanabweka." Akajipima yeye mwenyewe nikiangalia, na yake ikashikana kidogo. "Unaona? Hakuna damu baridi Pinga. Kipimo cha Kampala hakitusaidii, damu yangu haitusaidii. Tutalinganisha yako na yako." Amenipa kinini za malaria. Zikiisha atapima tena. Mbwa akinyamaza, mwizi alikuwa malaria peke yake. Asiponyamaza, yuko mwingine ndani.

Leo homa imeshuka na najisikia vizuri. Sili. Jeannette amesogea, sasa anakaa upande wangu, kiti kimoja na mimi.

Usijihukumu. Nimekuomba.

Emérita


Rubaya, 11 Februari 2024

Mérita,

Amani ya Bwana. Sijapata jibu lako, Bienvenu amekwama Nyabiondo sababu ya njia. Lakini siwezi kungoja kukusimulia! Asubuhi ile, ambayo nilihesabu kuwa ndiyo utakunywa, nilipiga magoti kwenye baridi, na katikati ya rozari nikasikia tumbo langu linageuka kama vile mimi ndiye natapika. Nikasema, imetoka. Imemutoka. Nikaimba peke yangu, Léopold akauliza kama nimerukwa na akili. Sasa utaanza kula. Sasa Jeannette ataondoka mezani. Nimekuwekea viazi vya mbegu, vile vyekundu unavyopenda, na wakati wa


Nairudia karatasi hii, ni tarehe 3 Machi. Bienvenu alifika jana usiku, kwa miguu, moto yake, ile pikipiki, walimunyanganya.

Nimesoma.

Nilitaka kuipasua hii ya juu. Nimeiacha. Uone nilivyokuwa nikiimba.

Sijui naandikia nani. Barua yako iko na mwezi muzima. Alinyamaza mbwa? Nilimuuliza Bienvenu: "Ulimwacha aje?" Akasema duka lilikuwa limefungwa alipopita mara ya mwisho, na majirani hawakujua, ao hawakutaka kumwambia. "Limefungwa na kufuli ya nje ao ya ndani?" Hakumbuki. Kijana anakumbuka bei ya petroli ya kila kijiji, hakumbuki kufuli.

Nilipanda kwa Nzabandora nimutukane. Nilimukuta amelala, mugonjwa, bibi yake ananioshea kikombe cha chai. Nikakunywa chai. Nikashuka.

Ungeniambia, Mérita. Ningekasirika siku tatu. Ningesema maneno. Kisha ningepika uji mwepesi.

Kama uko, niandikie neno moja tu. Hata na mukono wa Omer.

B.


Goma, 16 Aprili 2024

Yaya mupendwa,

Niko. Hilo ndilo neno moja. Mengine ni haya.

Nakusalimu, wewe na shemeji. Omer amekonda kuliko mimi, anakula chapati kwa kujificha ili nisitamani.

Nilipomaliza kinini nilikuwa muzima kabisa. Sikuwa na homa. Niliosha nguo, nikamutania Guylain. Alinitoa damu, akaangalia malaria kwenye darubini, hakuna. Akatikisa kigae. Yaya, zilishikana kama maziwa yaliyoganda. Akaichanganya na maji ili aone mwisho wake, bado inashikana. Akaongeza maji, bado. Ilikuwa imezidi ile ya kwanza mara mbili.

"Malaria imetoka," akasema. "Mbwa amezidisha."

Omer alisimama. "Bibi yangu anacheka hapa mbele yako, wewe unasema anakufa? Njia imefungwa! Ngoja tuone kama atasikia maumivu."

Guylain hakupandisha sauti. "Papa Omer, akisikia maumivu hautakuwa na muda wa kuwasha pikipiki. Mubebe wakati anacheka."

Walibishana mpaka Omer akatupa funguo za duka mezani. Asubuhi tukaondoka, kufuli ya nje, uliuliza vizuri. Njia ya kwenu haikuwezekana, tukachukua ya Walikale, tufikie ndege ndogo zinazotua Kilambo. Tulikuwa watatu kwenye moto moja, motari, mimi katikati, Omer nyuma amenishika. Kwenye madaraja ya miti walinishusha na mukono mumoja. Yule Mama Fuso angebaki Pinga, Yaya. Angekufa ndani ya matope pale pale. Nilicheka na kulia, motari akazani nimechanganyikiwa.

Tulipita pale. Unajua pale tulipomuacha. Muti ule mukubwa uliangushwa, kuna watu wanauza mafuta ya ngazi, mawese. Jeannette alikuwa kwenye moto na sisi tangu Pinga, nilisikia magoti yake mugongoni. Sikuomba motari asimame. Tulipopita kona nikasikia mugongo mwepesi. Sikugeuka. Tangu siku hiyo hajaja kula na mimi.

Hapa hospitali walinipitisha kwenye mashine, wakaona tundu dogo na kifuko cha usaha kilichokuwa kinaanza. Waliweka mupira mwembamba wa kutoa usaha. Daktari mwanamke alimuuliza Omer: "Nani alikuambia umulete akiwa na nguvu hivi?" Omer akasema ni damu yake. Aliniuliza kama nilitapika sana kabla. Nikasema nilikula samaki mbaya. Aliniangalia, akaandika samaki. Alisema pia mushono unaweza kuachia wenyewe bila sababu, inatokea. Nakuandikia hilo kama alivyolisema, ulibebe.

Wananitoa damu kila siku. Inashuka. Jana daktari alisema bado kidogo. Nakula vijiko vitano.

Nikipona tutarudi, Omer anasema tukae Goma. Mimi sijui.

Sahani ya Jeannette, Yaya, siwezi kuila tena. Haiingii. Nafikiri nilipokatwa tumbo ni sehemu yake njo walitoa. Usiipakue kwa ajili yangu.

Emérita


Masisi-centre, siku ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Mudogo wangu, damu yangu,

Roho wa Bwana akufunike. Barua yako ilinifikia njiani, mukononi mwa muntu nisiyemujua, imelowa jasho. Niliibusu mbele ya watu wote.

Anwani unaiona. Rubaya tuliiacha. Tulitembea na Léopold na sufuria moja, viazi vyako vyekundu nikavibeba mugongoni kama mutoto. Tumelala kwa watu wa shirika la hapa, wema sana, ila nyumba iko na familia tatu na jiko moja. Kikohozi chake watu wanakistahimili. Bienvenu yuko hapa pia, anabeba maji kwa kichwa. Namuita Motari wa Ndoo, anacheka. Amefurahi sana kusikia juu ya kufuli.

Nashukuru Mungu kwa Guylain. Nimemuweka kwenye rozari, fumbo la tatu, namuombea kwa jina. Usirudi Pinga mbele damu yako haijanyamaza kabisa. Neno la samaki nimelielewa. Sitalizungumzia, lakini nimelielewa, na nimelibeba pamoja na lile lingine la mushono. Hayana uzito mumoja.

Sasa nikuambie kitu, kama ulivyoniambia wewe.

Hapa kila mama anapewa unga wake kwa kikombe. Jana nilisonga bugali yetu, nikakata ya Léopold, nikakata yangu, na mukono, kwa mazoea tu, ukakata ya tatu, ndogo kama ngumi ya mutoto. Nilikumbuka maneno yako. Kuku hakuna hapa wa kumupa. Kuirudisha kwenye sufuria nilishindwa. Nikasikia mama: chakula hakitupwi.

Léopold alienda kulala. Nilikula yangu. Kisha nikavuta ile ingine.

Nilikula pole pole, nikaimaliza, nikafuta sahani na kidole. Mérita, miaka hii yote nilizani wewe unapenda kula. Nilimaliza sahani mbili na njaa haikusogea hata kidogo, ilikuwa pale pale, kama sijala tangu musituni.

Nilipoinua macho Jeannette alikuwa amekaa upande wa pili, na yale magoti yake makubwa. Aliangalia sahani tupu. Kisha aliinua kichwa, akaniangalia mimi.

Yaya wako,
Byukusenge